Gunia Lililotoka Jasho Tabora

Usiku wa pili wa mvua, gunia la kwanza lilianza kutoka jasho. Nilikuwa nimelala chumba cha nyuma cha duka la mama mdogo, Tabora mjini, na magunia yangu kumi na manane yamepangwa juu ya mbao karibu na ukuta. Nikasikia tone. Nikadhani bati linavuja. Nikawasha tochi na kupapasa ukuta, nikakuta mkavu. Nikapapasa gunia, mkono ukarudi umelowa kiganja kizima, na chini sakafuni kulikuwa na kidimbwi chembamba kinachong'aa. Nikachovya kidole, nikaonja. Ulimi ulingoja chumvi, ukakutana na uchungu wa kukunja uso, uchungu kama wa klorokwini iliyokwama kooni.

Ilikuwa Novemba 2007. Asubuhi yake, mama mmoja muuza migebuka aliyekuwa amenunua kwangu nusu gunia siku tatu nyuma alirudi nalo kichwani. Hakupiga kelele. Alilitua mlangoni, akamsalimia mama mdogo, kisha akaniambia, "Mwanangu, chumvi yako inalia. Samaki wangu wamelowa badala ya kukauka, na wateja wanasema ni wachungu." Nikamrudishia hela yake yote. Mpaka Jumamosi walikuwa wamerudi watu sita.

Wakati ule niliamini nimerogwa au nimeuziwa maji ya chumvi mabovu. Ilinichukua msimu mzima kuelewa kwamba kosa nililifanya kwa mikono yangu mwenyewe, miezi miwili kabla, nikiwa nimesimama kwenye jua la Uvinza nikijiona mjanja.

Mimi ni mwanamke, mzaliwa wa Uvinza, mkoani Kigoma, pale Mto Ruchugi unapoingia Malagarasi. Anayepanda treni ya Kigoma anapajua: treni inasimama, na dirishani wanakuja watoto na akina mama wenye vifuko vya chumvi. Bibi mzaa mama aliiita umunyu, na hakuitaja bila kusimulia aliyoyasikia kwa mama yake. Zamani zile, mvua zikishakatika na mto kushuka, chemchemi zilizofunikwa na mafuriko zilitokeza tena. Watu walikuja kwa maelfu kutoka Uha, Unyamwezi na hata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wakajenga vibanda vya nyasi, wakazoa tope kwenye chemchemi, wakachota maji na kuyachemsha kwenye vyungu. Hakuna aliyegusa maji kabla ya walinzi wa chemchemi kufanya tambiko. Mtemi alichukua fungu lake kwa chumvi yenyewe. Mvua zikirudi, mto ulifunika kila kitu, na watu wakarudi makwao na mizigo kichwani.

Nilipokuwa mdogo nilichukulia hizo kuwa hadithi za jioni. Baadaye nilijua kwamba wataalamu wa mambo ya kale walichimba hapo kwetu wakakuta mafiga na vigae vya vyungu vinavyoonyesha kwamba chumvi ilichemshwa Uvinza zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipopita nchi hii mwaka 1858 wakielekea Ujiji, biashara ya chumvi ilikuwa ya zamani tayari. Wajerumani walipokuja wakajenga kiwanda, mahali wakapaita Gottorp. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo chumvi yetu ikapanda behewa. Najivunia hili na sioni sababu ya kulisema kwa sauti ndogo. Watu wakitamka neno madini wanawaza dhahabu na tanzanaiti, lakini hata sheria ya Tanzania inaihesabu chumvi kuwa madini, na anayetaka kuivuna lazima awe na leseni ya madini kama mchimbaji mwingine yeyote.

Sasa chumvi inafikaje katikati ya bara, mbali na bahari? Swali hili lilinisumbua tangu shule, na mwalimu wetu wa jiografia alilijibu kwa ndoo iliyotobolewa na mchanga. Aliuchanganya mchanga na konzi mbili za chumvi, akamwagia maji juu, akatuonjesha yaliyotoka chini. Ndivyo ardhi inavyofanya, alisema. Mvua inazama, inapita polepole kwenye miamba ya kale ambayo ndani yake imefungiwa chumvi ya maji yaliyokauka zamani mno, kabla ya mnyama yeyote kukanyaga nchi kavu. Maji yanaibeba ile chumvi, na yakikuta ufa yanapanda tena juu. Na upande wetu wa nchi nyufa hazikosekani. Ziwa Tanganyika lenyewe, lenye kina cha karibu mita 1,470, limekaa ndani ya ufa wa ardhi. Tofauti ya Uvinza na mahali pengine ni kwamba maji yanarudi juu yakiwa makali mno, makali mara kadhaa kuliko ya bahari. Bahari ina gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Maji yakishiba kabisa yanabeba zaidi ya gramu 300.

Nilianza kibarua cha majaruba nikiwa na miaka kumi na tisa. Jaruba ni kama la mpunga, lakini sakafu yake ni udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa na kushindiliwa mpaka ukawa mgumu kama sahani. Maji yanaingizwa kina cha kiganja, basi. Yakizidi hapo jua halifiki chini. Kazi inaanza kabla ya mapambazuko kwa sababu saa sita mchana weupe wa chumvi unakupiga machoni mpaka unaona giza. Miguu ilipasuka visiginoni, na ufa ukishaingiwa na chumvi hauponi mpaka msimu uishe. Nilivaa buti za mpira zilizotoboka, nikaziziba kwa vipande vya tyubu ya baiskeli.

Fundi wetu alikuwa mzee wa Kivinza, mfupi, asiyesema sana. Mkoani kwetu mzee wa namna hiyo humwambii "habari za kazi" ukapita. Unasimama, unamwamkia, unangoja akujibu, ndipo unauliza. Siku ya kwanza alinipa yai la kuku. "Litie kwenye maji ya kisima." Likazama. "Sasa litie humu." Kwenye jaruba la kwanza likaning'inia katikati ya maji kama halijaamua. Kwenye jaruba la tatu likaelea, sehemu ya ukubwa wa shilingi ikitokeza juu, kavu. Miaka ya baadaye nilinunua haidromita, kile kijiti cha kioo chenye namba, nikajua kwamba yai lilikuwa linasema kitu kilekile. Maji ya bahari yanasoma digrii 3 na ushei za Baumé, kipimo cha ukali wa maji ya chumvi. Kwenye 25 na nusu hivi, chumvi ya kula inaanza kujitenga.

Lakini kabla yake kuna vingine vinavyojitenga, na hapa ndipo penye elimu yote ya jaruba. Kwanza linashuka vumbi la chokaa. Halafu jasi, ileile inayotumika kwenye saruji na kwenye plasta ya mfupa uliovunjika. Inajishika sakafuni kama ukoko, vipande vyembamba vinavyong'aa. Ndiyo maana majaruba yanafuatana: la kwanza la kuachia chokaa, la pili la kuachia jasi, na maji yakishahamishiwa la mwisho ndipo chumvi inazaliwa. Na inazaliwa juu ya maji, wala siyo chini. Mchana usio na upepo, piga magoti pembeni mwa jaruba uangalie. Kwanza unaona doa dogo la mraba juu ya maji, dogo kuliko punje ya mtama. Linakua kwa pembeni huku uzito ukilivuta chini katikati, mpaka linakuwa kikombe cha pembe nne, piramidi iliyogeuzwa kichwa chini, imeshikiliwa na ngozi ya maji tu. Vikombe vinakuwa mamia. Upepo ukipuliza kidogo tu vyote vinazama kwa pamoja, na unasikia mchakacho mwepesi kama wa mchele kwenye ungo. Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini na bado huwa nasimama kusikiliza.

Jua likienda polepole, punje zinakuwa kubwa. Hiyo ndiyo chumvi ya mawe tunayoijua sokoni. Ukiharakisha kwa moto zinakuwa ndogo, chumvi laini. Wakati mmoja nilifanya kazi kwa watu waliokuwa wanachemsha kwenye makarai, na sitaki kurudi huko. Karai moja linakula mzigo wa kuni tangu asubuhi hadi jioni. Jasi inaganda chini ya karai unene wa kidole, moto unapiga bure, inabidi karai ligeuzwe na kugongwa kwa nyundo. Na kuni zile ni miyombo ya miaka arobaini. Niliona kilima kimoja nyuma ya kambi kikibaki visiki ndani ya misimu mitatu. Jua la Kigoma kiangazi halidai chochote, na nawasihi wenzangu wenye makarai wahesabu vizuri hela ya kuni kabla ya kusema kwamba jua linachelewesha.

Turudi kwenye kosa. Mwaka 2007 nilikodi majaruba mawili kwa mwenye leseni, yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na deni la kikoba. Kila nilipovuna, yalibaki maji kidogo juu ya sakafu, mazito, ya kuteleza mkononi kama mafuta, yenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea kidogo. Fundi siku zote aliyafungulia mfereji yakaenda zake. Mimi nikaona ni hasara. Maji yale si yametoka kwenye chemchemi ileile? Si na yenyewe yana chumvi? Nikawa nayaacha, naongeza maji mapya juu yake, navuna tena, naacha tena. Msimu mzima. Na mwishoni, mawingu yalipoanza kukusanyika upande wa ziwa, nikayaacha yakauke kabisa, nikakwangua hadi tone la mwisho. Nilipata magunia manne zaidi ya niliyotarajia. Fundi alipita, akatazama, akasema maneno machache: "Mwanangu, jaruba halikaushwi. Jaruba linavunwa." Nikaitikia kwa heshima, na sikumwelewa.

Aliyekuja kunielewesha ni yeye mwenyewe, niliporudi kutoka Tabora nimechacha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua kikombe cha yale maji mazito, akakiweka juani. Kilikaa wiki. Maji ya kawaida kwenye kikombe cha jirani yalikauka siku ya pili, yale hayakukauka. Ndani ya maji ya chemchemi, chumvi ya kula haiko peke yake. Kuna magnesiamu na potasiamu pia, kidogo, na hizo hujitenga mwisho kabisa, wakati chumvi nyingi imeshashuka. Kila nilipovuna chumvi na kubakiza yale maji, nilikuwa natoa kizuri na kulimbikiza kile kichungu. Safari ya kwanza kilikuwa kidogo, ya kumi kikawa kimejaa. Na magnesiamu ina tabia ya kuvuta maji hewani. Kiangazi haina cha kuvuta, kwa hiyo magunia yangu yalitoka Uvinza makavu, mazuri, hata mimi nikayasifu. Mvua ya Tabora ilipoanza, yakanywa hewa mpaka yakalowa.

Ukifika digrii 29 au 30 kwenye haidromita, fungulia maji yaende. Chumvi iliyobaki humo haifai kungojewa. Kama bado una shaka, osha chumvi yako kwa maji safi ya chumvi yaliyoshiba: kwa kuwa yameshiba hayawezi kuyeyusha punje zako, ila yanaondoka na uchungu ulioganda juu yake. Hili la kuosha nilipoonyeshwa nilikaa chini. Kumbe nisingepoteza hata gunia moja.

Magunia yaliyobaki mama mdogo aliyauza kwa niaba yangu kwa mfugaji mmoja wa Kisukuma, nusu ya bei, naye akawapa ng'ombe. Ng'ombe hawakulalamika.

Nilisema mama muuza migebuka alirudisha nusu gunia. Nilimtafuta mwaka uliofuata, Soko Kuu, nikampelekea ndoo ya chumvi iliyooshwa, bure. Alinifundisha jambo ambalo sikulijua pamoja na kuzaliwa kwenye chumvi. Alipasua mgebuka mgongoni, akausugua, akaupanga kwenye beseni na kuniambia nirudi baada ya saa mbili. Niliporudi beseni lilikuwa na maji na samaki amekakamaa. Chumvi inamvua samaki maji yake, akasema, na mdudu wa kuozesha hana pa kunywa. Ndiyo maana chumvi yenye kulowa ni adui yake: haichukui maji, inayaleta. Tangu siku hiyo, nikiwa najaza gunia, namwona yule mama na beseni lake.

Kuna matumizi mengine ambayo yalinishangaza zaidi. Dada zangu Ujiji wanatengeneza sabuni ya mawese, na kila wiki wananunua kostiki. Nilikuwa sijui kostiki inatoka wapi mpaka nilipokuta kwenye kitabu cha kemia cha binti yangu: ukipitisha umeme kwenye maji ya chumvi unapata kostiki soda, gesi ya klorini na haidrojeni. Klorini hiyohiyo ndiyo inayotumika kusafisha maji ya bomba. Yaani sabuni na maji ya kuogea vyote vina ukoo na jaruba. Na dripu ya hospitali, ile ya kawaida, ni gramu 9 za chumvi safi kwa lita moja ya maji. Mtoto wa dada yangu alipoharisha mpaka macho yakaingia ndani, muuguzi wa zahanati alimpa maji ya pakiti ya ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, kisha akamfundisha mama yake kwamba pakiti ikikosekana achanganye nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari kwenye lita ya maji safi. Nusu kijiko. Nilikuwa nimezoea kuhesabu magunia, na pale mtoto alirudishwa na nusu kijiko.

Shangazi yangu alikuwa na rovu. Nikiwa mtoto sikujua kwamba ni ugonjwa. Wanawake kadhaa wa rika lake kijijini walikuwa nalo, wengine walilifunika kwa kitenge, na tuliamini ni jambo la ukoo. Leo najua ni upungufu wa madini joto. Mvua za miaka mingi huyaosha yatoke kwenye udongo wa milimani, mazao yanakua bila hayo, na mtu anakula shibe yake huku shingo inavimba. Mama mjamzito akiyakosa, mtoto anaweza kuzaliwa na akili iliyodumaa, na hilo halirudishiki. Linaniuma kwamba shangazi aliishi mwendo wa dakika ishirini kutoka kwenye chemchemi ya chumvi, akala chumvi yetu maisha yake yote, na haikumsaidia, maana chumvi ya chemchemi peke yake haina madini joto ya kutosha. Katikati ya miaka ya 1990 Tanzania ilitunga kanuni za kuyatia kwenye chumvi ya kula. Sisi wadogo tunayatia kwa bomba la mgongoni, lile la kupulizia dawa shambani, ila letu ni jipya na halijawahi kuguswa na dawa. Unatandaza chumvi kwenye turubai safi, unapuliza maji yenye potasiamu iodeti huku mwenzako anageuza kwa koleo. Kisha unapima: tone moja la dawa ya kupimia juu ya kijiko cha chumvi, na inageuka bluu ya zambarau papo hapo.

Wapo wenzetu wanaoruka hatua hii msimu ukibana. Nimewahi kununua kwa muuzaji wa jumla magunia yaliyoandikwa yana madini joto, nikapima, chumvi ikabaki nyeupe vilevile. Nilimrudishia, akanicheka. Sikucheka naye, kwa sababu namkumbuka shangazi na kitenge chake shingoni wakati wa joto. Na wewe mnunuzi, ifunike chumvi yako, usiianike juani, na uitie mboga ikikaribia kuiva, maana madini joto yanapotea kwa joto na hewa. Ila usizidishe. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye dagaa.

Mdogo wangu wa kiume hakuipenda chumvi. Alikwenda Nzega kutafuta dhahabu, wakati mgodi mkubwa wa Golden Pride ulikuwa bado unafanya kazi na wachimbaji wadogo wamezagaa pembeni. Nilimtembelea mara moja. Alinionyesha jiwe la kijivu lenye mistari ya kutu, akasema hili ni zuri. Nikauliza dhahabu iko wapi. Haionekani, akasema, tani nzima ya mawe kama haya inatoa gramu chache tu. Mawe yanasagwa kwenye karasha yawe unga, unga unaoshwa kwenye mwalo, yaani ubao wa mteremko unaopitishiwa maji, mchanga mzito unabaki, halafu wanatia zebaki. Zebaki inashikana na dhahabu kuwa donge laini kama ugali wa fedha. Kisha wakaliweka donge kwenye kijiko kikuukuu na kulichoma kwa mkaa, nje ya mlango wa chumba walichokuwa wanapikia.

Moshi ulipanda mweupe, mwembamba. Nikamuuliza, zebaki imekwenda wapi? Akasema, imeisha. Mimi nilikuwa nimeshapoteza magunia kumi na manane kwa kudhani kitu kimeisha kumbe kimejificha. Nikamwambia haijaisha, iko hewani, iko kwenye sufuria yenu, iko kifuani mwako. Alikuwa ameanza kutetemeka vidole na akadhani ni uchovu. Tulibishana mpaka usiku. Hakuacha dhahabu, lakini aliacha kuchomea pale, na baadaye alinunua kifaa cha kuchomea cha chuma chenye bomba, kinachoukamata mvuke na kuurudisha kuwa zebaki ndani ya bakuli la maji. Alinipigia simu kuniambia amepata karibu yote aliyotia. Mpaka leo vidole vyake vinatetemeka kidogo anaposhika kikombe.

Tangu safari ile nimekuwa nayatazama maji yangu machungu kwa jicho lingine. Nilishajua kuyafungulia. Sikuwa nimejiuliza yanakwenda wapi. Yalikuwa yanafuata mfereji, yanapita kwenye nyasi, yanaishia bondeni kuelekea Ruchugi. Nilifuata mfereji kwa miguu siku moja, nikakuta ukanda wa upana wa hatua nne hivi usio na jani hata moja, udongo umepasuka na kupata ukoko mweupe, na kwato za mbuzi waliokuja kulamba. Chini yake kidogo kuna kisima ambacho akina mama wa kambi wanachota maji ya kufulia.

Binti yangu sasa anasoma Dar es Salaam, na ndiye aliyeniambia kwamba Wajapani wanayanunua maji ya namna hii kugandishia jibini yao ya soya, na kwamba nchi nyingine wanatoa magnesiamu humo. Uvinza hakuna mnunuzi. Nimeuliza mpaka Kigoma mjini. Kwa hiyo msimu uliopita, badala ya kuongeza jaruba la tatu, nilichimba shimo mbali na mto, nikalitandika udongo wa mfinyanzi na juu yake turubai la plastiki zito, nikageuza mfereji uingie humo. Vibarua wangu walisema mama anapoteza hela. Shimo limejaa nusu. Mvua zilipokuja nililifunika kwa mabati, na kila baada ya siku chache nashuka kuangalia kama maji yameongezeka, maana yakiongezeka nitashuku bati limevuja, na yakipungua nitashuku turubai.